Plagi Nne Nyeusi

Ifahamike kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, walio macho na wanaosinzia, kwamba asubuhi ile ulifanyika uchunguzi ambao vizazi vijavyo vitausoma vikiwa vimesimama wima. Mhanga alikuwa amekabwa koo. Alikabwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, mchana kweupe, na kila mara aliachwa kando ya barabara akikohoa moshi mweusi huku wapita njia wakimcheka.

Mhanga alikuwa gari.

Tena gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la kijani iliyopauka, lenye mgongo wa mviringo na mataa mawili ya mbele yaliyolitazama jua kwa mshangao. Nyumba nzima ililiita Kobe, na lilitajwa kama mtu: Kobe amelala, Kobe ana kiu, Kobe leo hataki. Mwalimu wa Kiswahili angeisikia ngeli hiyo angerudisha daftari likiwa jekundu, lakini katika nyumba ile hapakuwa na mwalimu. Palikuwa na Matroni.

Matroni alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyelea mabweni ya wasichana mpaka akastaafu. Alipoingia mahali, watu wazima walijikuta wakichomekea mashati. Kobe alikuwa wa marehemu mumewe, na tangu mzee aondoke Matroni ndiye aliyemwendesha, akiwa amekalia mto ili aone barabara.

"Inspekta," alisema alipofungua geti, "umechelewa."

"Ushahidi hauna haraka, Mama."

"Ushahidi hauna haraka, lakini mwanangu anayo. Anakuja saa kumi."

Inspekta aliingia na sanduku lake la spana, ovaroli imepigwa pasi hadi imetoa mistari. Mtaa wote ulimwita hivyo. Kila alipoulizwa kazi yake ya zamani alijibu kwamba aliitumikia polisi kwa miaka mingi, kisha akatazama mbali kama mtu aliyeona mengi, na muulizaji akaona aibu kuendelea.

Jambo la saa kumi alilijua. Kifungua mimba wa Matroni, mhasibu mrefu kama mnazi, alikuwa amechoka kupigiwa simu kazini akaokoe mama kando ya barabara. Akatoa sharti: leo Kobe apande kilima cha hospitali. Akifika juu bila kuzima, mama abaki na funguo. Akizima, funguo zinachukuliwa, Kobe anauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mama atakuwa anaendeshwa kama mzigo wa viazi. Matroni alikubali. Sharti lilikuwa la haki, na maisha yake yote yeye ndiye aliyewatolea wengine masharti ya haki.

"Nikinyang'anywa hizi funguo, nitabaki kuangalia ukuta," alisema sasa, akizichezesha kidoleni. "Na ukuta wenyewe una jirani juu yake."

"Nimesikia!" ilisema sauti kutoka ng'ambo.

Inspekta alifungua boneti. Hakugusa kitu kwanza. Aliinama, akanusa. Mtu asiyejua angedhani anasali.

"Petroli," alinong'ona.

"Ni gari," alisema Matroni. "Ulitaka linuke nini?"

Akavua waya wa kwanza, akaifungua plagi kwa spana yake ndefu, akailaza juu ya gazeti. Kisha ya pili, ya tatu, ya nne, zote kwa mpangilio, vichwa vimeelekea upande mmoja kama maiti katika picha za gazeti hilohilo. Akachuchumaa mbele yake.

Plagi ya injini yenye afya huwa na ncha ya rangi ya chai ya maziwa. Hizi zilikuwa nyeusi ti. Wiki iliyopita tu alikuwa amezisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa. Alipitisha kidole kwenye ya kwanza. Kikatoka na masizi makavu, laini kama poda.

"Mama, tazama. Weusi huu ungekuwa umelowa na kuteleza, ningesema ni oili, injini imezeeka na haina dawa. Lakini ni mkavu. Haya ni masizi ya petroli nyingi isiyoungua. Na ziko nne, zote sawa. Ingekuwa moja, ningemshuku waya mmoja. Zikichafuka zote, mkosaji ni mmoja anayezifikia zote."

"Bwenini mkosaji wa namna hiyo tulimwita chawa," alisema Matroni.

Akaanza kuwahoji washukiwa. Wa kwanza alikuwa moto wenyewe. Alisafisha plagi moja, akairudishia waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, na kumwomba Matroni azungushe ufunguo. Stata ikalia. Kwenye ncha ya plagi ikaruka cheche ya buluu, nene, ikisema tak, tak, tak bila kigugumizi.

"Ingekuwa ya njano na imenyong'onyea," alisema, "ningemkamata koili, yule anayeuzalisha moto, hapahapa. Koili yuko huru."

Akafungua kifuniko cha distribyuta, kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwa plagi. Hakikuwa na ufa. Pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyoachana na kukutana ili cheche izaliwe, alizipima kwa geji. Geji ikapita kwa kubanwa kidogo, kama inavyotakiwa. Kondensa, kile kikopo kidogo kinacholinda pointi, aliibadilisha mwenyewe mara ya kwanza alipoitwa.

Akahamia kwa kabureta, anayechanganya petroli na hewa. Chujio la hewa lilikuwa safi. Akamwomba Matroni asukume kitufe cha choki ndani, akaona kile kibati kinachokaba hewa kikifunguka chote. Akaomba avute. Kibati kikafunga, hewa ikanyimwa, petroli ikatawala.

"Choki unaitumiaje, Mama?"

"Navuta nikiwasha. Nikifika getini narudisha. Mume wangu alinifundisha: choki ni kama blanketi, ni la kuamkia, si la kutembea nalo."

"Huwa unasahau?"

Matroni alimtazama. Katika mtazamo ule, mabweni kadhaa yalizima taa na kulala.

"Nimeuliza tu," alisema Inspekta.

Akasimama, akajikuna shingo kwa spana. Mashine haikuwa na kosa, na plagi zilikuwa nyeusi. Hapo ndipo fundi wa kawaida angeuza plagi mpya na kwenda zake. Inspekta aligeuza uso akatazama ndani ya boneti, mahali alipokuwa na mazoea ya kuandika kwa chaki kilomita za gari kila alipolitengeneza. Akasoma namba ile, akaenda kusoma ile ya kwenye dashibodi. Tofauti yake ilikuwa safari ya duka la dawa na kurudi.

Kisha akatazama mshale wa petroli. Wiki iliyopita tangi lilikuwa limejaa. Sasa mshale ulikuwa umelala chini.

"Aha!" alisema.

"Aha nini?"

"Kobe hajatembea, lakini amekunywa."

"Kuna mwizi!" ilisema sauti ya ukutani, na kichwa kikachomoza, kimefungwa kitambaa cha njano. Huyo alikuwa jirani, mama ambaye mtaa ulimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, na siku hiyo alikuwa ameanza kusimama mapema.

Inspekta alikagua kifuniko cha tangi. Kufuli haikuwa na mkwaruzo. "Mwizi wa petroli hufyonza kwa mpira na kuondoka. Hachafui plagi. Petroli hii haikuibiwa. Imeunguzwa hapahapa, Kobe akiwa amesimama, tena imeunguzwa vibaya."

"Si ndiyo nasema!" alisema Redio, ingawa hakuwa amesema. "Kila magharibi humo bandani mwa Kobe kunanguruma. Moshi unapanda, unatua kwenye mashuka yangu. Nilidhani ni wewe, fundi, unajaribu mitambo. Nikasema, acha nivumilie, mtu yuko kazini."

"Mimi magharibi huwa kwangu."

"Basi kuna jini."

Matroni alikohoa kidogo, akasema anaenda kutazama jiko. Jiko halikuwa na kitu. Inspekta hakuligundua hilo wakati ule, na ni aibu iliyomstahili.

Aligundua kingine. Alifungua mlango wa dereva akataka kuketi, na miguu yake haikufikia pedali. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Matroni alikuwa mfupi kiasi cha kuendesha akiwa amebanana na usukani. Aliyeketi hapa, basi, alikuwa na miguu ya twiga.

Nani katika kesi hii alikuwa mrefu? Nani angeweza kuwa na ufunguo wa akiba? Nani alitaka Kobe azime mbele ya mashahidi?

"Mhasibu," alisema Inspekta, polepole, akijisikiliza.

"Mwanawe?" Redio nusura aanguke kwenye ndoo. "Anamhujumu mama yake mzazi? Mungu wangu. Subiri nipandishe ndoo nyingine."

"Anakuja hapa magharibi, anawasha gari, anavuta choki, analiacha lijikabe. Plagi zinajaa masizi. Kesho yake mama anazimikiwa njiani. Mpango safi kabisa."

Redio alifikiri. Uso ulimwanguka, kama mtu aliyeonjeshwa sukari kisha akanyang'anywa kijiko.

"Hapana," alisema kwa masikitiko. "Yule kijana gari lake linapiga honi tangu barabara kuu. Akija mtaa mzima tunajua. Wiki yote hii hajakanyaga. Natamani ningesema kakanyaga, lakini hajakanyaga."

Kesi ikaanguka hivyo, mbele ya mshitaki wake.

Inspekta alirudi ndani ya gari, safari hii akaketi kiti cha kushoto, cha abiria, ili awaze. Akakalia kitu laini. Akakitoa: ulikuwa mto. Mto wa Matroni, ule wa kuonea barabara.

Mto wa dereva unafanya nini kwenye kiti cha abiria?

Aliinama. Kwenye reli ya kiti kulikuwa kumenasa uzi wa kufumia, wa zambarau, mrefu kama mkono. Juu ya dashibodi, upande huohuo wa kushoto, kulikuwa na duara la kikombe, jipya, bado linanata. Aliunyoosha mkono wake wa kulia kutoka pale alipoketi. Ufunguo aliufikia. Kitufe cha choki, katikati ya dashibodi, alikifikia kwa raha. Akajaribu kufikia pedali ya mafuta kwa mguu. Hakuweza. Injini baridi ikiwashwa kutoka kiti hiki ingezima mara moja, kwa kukosa mguu wa kuikanyagia. Isipokuwa mtu avute choki. Avute, na aiache hivyohivyo.

Akaenda jikoni. Matroni alikuwa ameketi mezani, anafuma. Uzi ulikuwa wa zambarau.

"Kaa," alisema Matroni, akamsogezea kikombe cha chai. "Umechukua muda. Wasichana wangu wangenikamata kabla ya saa sita."

"Mama, kwa nini?"

Sindano ziliendelea. "Si wewe uliyeniambia?"

"Nilikuambia nini?"

"Siku ya kwanza ulipokuja. Ulimsikiliza, ukaweka mkono juu ya boneti kama daktari, ukasema: Mama, huyu Kobe anamisi. Anamisi vibaya sana."

Inspekta alikumbuka. Kwa mafundi, injini inamisi pale silinda inaporuka zamu yake, moto ukakosekana na gari likatetemeka. Ni neno la gereji, la kila siku, kama spana. Alikumbuka pia jibu alilopewa siku ile, ambalo alilipita bila kulitazama, yeye mwenye macho ya kuona uzi kwenye reli. Matroni alikuwa amejibu: "Hata mimi."

"Nimesoma barua za wasichana miaka yote ile kabla hazijapelekwa posta," alisema Matroni. "Nakumisi, nakumisi, nakumisi mpaka chini ya karatasi. Neno hilo nalijua. Sina wazimu, Inspekta. Najua gari ni bati. Ila ulisema anamisi, nami nikasema, kumbe tuko wawili. Basi jioni naenda kukaa naye. Nasogeza kile kiti nyuma pale mzee alipokipenda, mimi nakaa pangu. Nawasha, ananguruma, nafuma. Asipovutiwa choki anazima, na kimya chake sikitaki. Ni starehe ndogo tu."

Inspekta alikunywa chai yote kwa mkupuo, ikamuunguza, akaona imemstahili.

"Sitasema," alisema.

"Kusema au kutosema ni juu yako. Mimi sijakuomba."

Alisafisha plagi zote nne, akazipima mwanya, akazirudisha. Kobe akawashwa, akatetemeka mara moja kama mtu aliyemwagiwa maji, kisha akatulia na kuunguruma sawasawa. Saa kumi kasoro honi ikasikika kutoka barabara kuu, kama ilivyotabiriwa.

Mhasibu aliingia getini akiwa bado na kitambulisho cha kazini shingoni. "Shikamoo, Mama. Fundi, habari. Sasa, hata akipanda leo, nahakikishiwaje kesho hazimi? Kosa limepatikana?"

Inspekta alisimama wima. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikopo kidogo cha chuma chenye waya, akakiinua juu ili hata Redio akione.

"Mheshimiwa," alisema, "mkosaji huyu hapa. Kondensa. Nimemtoa leo kwenye distribyuta ya Kobe. Ameoza. Ndiye aliyechafua plagi. Sasa nimeweka mpya, na kesi imefungwa."

Mhasibu alianza kukubali kwa kichwa, ameridhika. Mambo yangeishia hapo, na kila mtu angefurahi.

"Lete nione," alisema Matroni.

Alikigeuza kile kikopo mkononi. "Hiki ulinionyesha siku ya kwanza. Waya wake umekatika hapa, ukaniambia umeliwa na panya. Leo hujatoa kondensa yoyote." Akamrudishia. "Nitazame."

Inspekta alitazama kiatu chake.

"Nitazame mimi, si kiatu. Kwenye nyumba yangu hakuna anayedanganya, hata kwa faida yangu. Nani kachafua plagi?"

Ng'ambo ya ukuta, ndoo ililia kwa kusogezwa karibu.

"Mimi," alisema Inspekta.

"Wewe?" alisema Mhasibu.

"Mimi, mheshimiwa. Kwa kosa la ngeli. Ningesema gari linamisi, mama angejua naongea habari za bati. Nikasema Kobe anamisi. Nikamfanya mtu, nikamwachia mama huzuni yake, nikafunga sanduku langu nikaondoka. Mama akawa anakaa naye jioni, anamwasha kwa choki. Injini ikiwashwa hivyo bila kutembea hujaza masizi. Kosa si lake. Ni la mdomo wangu."

Mhasibu alikwenda kwa Kobe, akafungua mlango wa kulia, akakitazama kiti kilichosukumwa nyuma mpaka mwisho. Akaketi. Miguu yake ilizifikia pedali zote tatu bila kusogeza kitu. Akaweka mikono juu ya usukani.

"Hapa ndipo Baba alipokuwa akikiweka," alisema.

"Hapo hapo," alisema Matroni.

"Ungeniambia, Mama."

"Unapiga honi tangu barabara kuu, unaingia, unaangalia saa, unatoka. Ningekuambia saa ngapi?"

Mhasibu alivua kile kitambulisho, akakiweka mfukoni. Kisha akamgeukia Inspekta, kwa sauti ya mtu anayemuuliza daktari. "Dawa yake ni nini?"

"Barabara ndefu, choki ikiwa ndani. Plagi zikipata moto wa kutosha zinajisafisha zenyewe. Kila wiki mara moja, apande kilima, arudi."

"Jumapili nina nafasi," alisema Mhasibu.

"Jumapili utaniuliza kama mimi ninayo," alisema Matroni, akitikisa funguo. "Leo unaendesha kwa ruhusa yangu. Inspekta, panda nyuma. Akizima utasukuma."

Waliondoka hivyo, Redio akiwapungia kitambaa chake cha njano kama meli inayong'oa nanga. Nyuma palikuwa padogo, na Inspekta alikaa magoti yakiwa yamegusa kidevu, sanduku la spana mapajani. Kilima cha hospitali kilianza polepole, kisha kikasimama kama ukuta. Mhasibu aliweka gia ya pili. Kobe alinguruma, akashusha kichwa, akapanda. Nyuma moshi ulikuwa mwembamba, wa kijivu, kisha haukuonekana kabisa.

Matroni alikuwa kiti cha kushoto, juu ya mto wake, anafuma.

"Inspekta," alisema bila kugeuka.

"Naam, Mama."

"Kwa kuwa leo ni siku ya ukweli. Huko polisi ulifikia cheo gani hasa?"

Injini haikumisi hata mara moja. Aliyemisi ni Inspekta. Alitazama mbele kutafuta pale mbali alipozoea kutazama, lakini kioo kidogo cha dereva cha kuonea nyuma kilikuwa kimejaa shavu la Mhasibu, aliyekuwa amekwisha kuanza kucheka.

"Nilikuwa nabadilisha oili, Mama," alisema. "Oili ya magari yao. Na siku za gwaride, niliyaosha."